Kitambaa cha Nyanchera

Nyanchera, mke wa Ratemo, alichuma chai miaka tisa katika shamba la tajiri mmoja juu ya Kebirigo. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka. Mwaka wa 1973 alibeba ya tatu, na mimba ilipoingia mwezi wa nne akaanza kuimba katika mstari wake wa michai, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Nyapara alikuwa Manasseh, mzee wa kanisa. Ndiye aliyeweka sheria hii: mwanamke aliyeomba ruhusa ya kupumzika kwa sababu ya damu ya mwezi sharti amfuate nyuma ya banda la mizani, amwonyeshe kitambaa. Manasseh alikiinamia, akakikagua kama anavyokagua majani. Wanawake walichoka, wakaanza kumchezea: walipaka vitambaa damu ya kuku, wakampelekea, wakaenda zao kupumzika. Alipogundua, alinuna juma zima.

Juma hilohilo Nyanchera alihisi unyevu mapajani. Alishusha kikapu, akaenda bandani, akaeleza kwamba anataka kufika zahanati upesi, mimba isije ikatoka tena. Akaambiwa aonyeshe. Akaonyesha. Manasseh alikishika kitambaa kwa ncha za vidole, akakinusa.

Alikinusa. Mzee mwenye wajukuu.

"Moka Ratemo," alisema, akimwita mke wa Ratemo kwa lugha ya kwao, "kuku wenu wataisha. Rudi mstarini."

Akarudi. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: kwamba alirudi, akachuma karibu saa nzima, kwa mazoea tu ya kutii. Bosibori, aliyechuma mstari wa pili, alipoona damu imefika visiginoni, alimshika kiuno wakateremka kwa miguu hadi zahanati. Mkunga aliuliza kwa nini wamechelewa. Mimba ilikuwa imekwisha kutoka.

Baada ya wiki tatu alirudi shambani, maana hakuwa na kazi nyingine. Jioni, alipoleta majani yake, Manasseh alimngoja penye mizani, akitabasamu.

"Pole, mama. Wewe sasa nakuamini. Hutaonyesha tena."

"Na hawa?" Nyanchera aliuliza, akiwatazama waliopanga foleni nyuma yake.

Manasseh akacheka, akasema hao bado.

Nyanchera alimwaga majani yake palepale, akaondoka. Siku zote zilizofuata aliuza ndizi sokoni, na kila Manasseh alipopita kwenda kanisani, Nyanchera alizifunika kwa leso, vile watu hufunika chakula nzi wakija.