Pudre Iliyongojea Sesio ya Pili

Kwetu Goma, mutoto akipita mitihani kwenye iniversite, jamaa inamumwagia pudre kichwani mpaka anakuwa mweupe kama mutu aliyeangukia gunia la unga. Mimi pudre ya binti yangu niliinunua hata majina hayajasomwa. Nilichagua kikopo kikubwa kuliko vyote dukani, nikakibeba mukononi bila mufuko mpaka nyumbani Ndosho, ili kila mutu akione. Walioniuliza niliwajibu, "Ni ya binti yangu. Anasoma finance."

Majina yakasomwa. Lake halikuwemo. Kozi zingine zote alikuwa amepita, lakini ile yenyewe ya finance, ile ya kupima pesa na wakati, ilimuangusha. Ilibaki sesio ya pili, yaani nafasi ya kurudilia egzame kabla ya mwaka mupya kuanza. Siku ile binti yangu hakulia. Alivua viatu mulangoni, akaniambia, "Papa, nikianguka tena, naacha masomo. Nakuja kuuza mbao pamoja na wewe."

Nazipenda mbao zangu, lakini maneno yale yalinichoma. Kikopo kilipanda juu ya kabati, na hakuna aliyekigusa tena.

Lazima niseme mimi ni nani. Shule niliiachia katikati ya primeri. Nilianza na chukudu, ile gari ya mbao ya magurudumu mawili ambayo injini yake ni muguu wako, nikishusha makabichi ya Kibumba mpaka mujini. Leo nina depo ya mbao, na ukizunguka Ndosho, nyumba nyingi za mbao unazoona zimesimama juu ya mawe ya volkano zilitoka kwangu. Ninajisifu? Ndiyo. Aliyerithishwa ndiye anaweza kunyamaza; mwenye kujijenga, asiposema mwenyewe, nani atamusemea?

Basi nikaamua binti yangu apate repetiteri, mwalimu wa kumufundisha nyumbani. Wa watoto wa primeri wanajaa kila njia. Wa finance, utamutoa wapi? Nikafanya vile mutu wa Goma anafanyaka akitafuta kitu asichojua kiko wapi: nikaita komisioneri. Huyo ni mutu anayetafutia watu nyumba za kupanga, viwanja na magari, halafu anakula komisio yake.

"Papa, ni kiwanja ama nyumba?" akaniuliza.

"Ni repetiteri wa finance."

Akajikuna shingo. "Wa vyumba vingapi?"

Tulicheka, lakini kazi aliifanya. Alinileteaka kwanza kijana wa kravati shingoni, ambaye alisalimia muke wangu kwa Kifaransa cha redio. Kijana alikaa mezani na kuanza kupiga hesabu. Kalamu yake ilikimbia toka juu ya karatasi mpaka chini, na binti yangu aliiangalia kama mutu anayeangalia gari likipita. Kijana alipotoka nikamuuliza binti yangu, "Umeelewa?"

"Yeye ameelewa, papa."

Nikamuachisha kazi juma lile lile. Komisioneri alikuja kudai komisio yake hata hivyo. "Kiwanja nilikuonyesha," akasema. "Kukataa ni kwako." Nilimupa, kwa sababu kazi ni kazi. Halafu akaniambia, "Sasa iko mama mumoja, mutu wa Bukavu. Alitumikaka ndani ya benki. Benki zimefunga kwa sababu ya vita, yeye iko nyumbani. Huyo hata komisio unipe kidogo, maana sijui kama utamuweza."

Jirani yangu, muzee mwenye kutengeneza viti, alisikia habari hiyo juu ya ukuta. "Wewe," akasema, "benki zote zimefunga milango, na mutoto wako anasoma mambo ya benki? Si ni kama kusomea kuendesha boti huku kwetu kwenye mawe?"

"Siku zitakapofunguliwa," nikamujibu, "nani atakuwa ndani? Si wewe na nyundo yako."

Mama wa Bukavu alikuja siku ya pili yake na kitenge kilichopigwa pasi vizuri, miwani, na kikapu chenye uzi wa kushona vitambaa vya meza. Alipokea chai, akaiweka pembeni, akaniuliza, "Papa, mutoto akisoma, wewe unakuwaka wapi?"

"Kwenye depo."

"Hapo hatutaendelea. Mimi nafundishaka hivi: kwanza mimi na mutoto. Tukimaliza, mutoto anafundisha mutu ambaye hajasoma hayo mambo, kwa Kiswahili cha nyumba, na mimi nanyamaza. Mutu akielewa, kesho tunasonga. Asipoelewa, kesho tunarudilia. Katika nyumba hii nani atafundishwa?"

Muke wangu alijibu toka jikoni, "Ni yeye. Anajuaka kila kitu, itakuwa vizuri ajue na hicho."

"Mama," nikamwambia yule mwalimu, "mimi ni mwenye kulipa."

"Ndiyo, papa. Utalipa, na utakaa."

Hakuna mutu aliyewahi kuniambia nikae nyumbani mwangu. Nikakaa.

Siku za kwanza zilikuwa nyepesi. Mukopo ni nini, riba ni nini, faida inatofautiana namna gani na pesa iliyo mufukoni. Hayo nilikuwa nayo katika damu, na nilimujibu binti yangu kabla hajamaliza. Nikaanza kufikiri kwamba hii finance ni kitu watu wa kravati wametufichia bure.

Halafu ikaja ile sehemu iliyomuangusha, ile wanaita actualisation. Unaambiwa pesa itakayokuja baada ya miaka, na wewe useme leo inastahili kiasi gani. Binti yangu aliongea, akaandika herufi moja chini ya nyingine, akaweka musitari katikati. Nikatikisa kichwa. "Nimeelewa," nikasema. "Endelea."

Sikuwa nimeelewa hata kidogo. Lakini mutu mukubwa, ambaye wapakizi wa magari wanamuita Patron, atasema vipi mbele ya mutoto aliyembeba mugongoni kwamba amepotea?

Mama wa Bukavu hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa chake. "Aksanti, papa. Basi uturudilishie."

Nikakohoa. "Pesa ya kesho," nikasema, "ni pesa ambayo... inakuja kesho."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Muke wangu alikuwa anacheka. Mama wa Bukavu yeye hakucheka. "Papa," akasema polepole, "hiyo 'nimeelewa' yako, mutoto ataamini kwamba amefundisha vizuri. Ataipeleka vile vile kwenye egzame."

Nikamuangalia binti yangu. Hakuwa ananiangalia mimi. Macho yake yalikuwa juu ya kabati, kwenye kile kikopo.

"Sijaelewa," nikasema.

Wanaume wa muji huu wanaoweza kulisema neno hilo mbele ya muke, binti na mugeni siyo wengi. Mimi ni mumoja wao. Na nikikamata kitu sikiachi: kuanzia siku ile nikawa bingwa wa kutoelewa. Binti yangu akija na herufi, sijaelewa. Akigeuza herufi, sijaelewa. Akaacha herufi, akaja na likelemba, ule muchango ambamo kila mwezi watu wa kikundi wanatoa sawa na mumoja anapokea yote.

"Papa, juu ya nini kila mutu anataka apokee wa kwanza?"

"Juu ya shida."

"Na yule hana shida?"

Nikafikiri. "Huyo anataka aitumikishe mbele ya wengine."

"Ndiyo hivyo. Basi pesa ya leo inapita ya kesho."

"Inaipita kiasi gani?"

Hapo akakwama. Aliandika, akafuta, akaandika. Mama wa Bukavu alikunja uzi wake. "Tutarudilia kesho," akasema, kama mutu anayesema mvua itanyesha. Egzame ilikuwa inakaribia.

Kesho yake binti yangu hakungoja nyumbani. Alikuja depo na madaftari yake, akakaa juu ya gogo. Lori lilikuwa linashusha mbao mbichi, zile zinazofika bado zinatoa maji. Nilikuwa nagombana na mwenye lori, kama kawaida. Yeye ananionyesha upana wa leo, mimi nakataa, nakata kwenye kipimo sehemu ambayo jua litakula, maana mbao ikikauka inapungua. Binti yangu ameyaona hayo tangu anatambaa. Lakini siku ile aliangalia mpaka lori likaondoka, na hakufungua daftari.

Jioni tulipokaa mezani nyumbani akaniuliza, "Papa, mbao mbichi unainunuaka kwa upana gani?"

"Wa kavu. Ule wa leo ni wa kudanganya macho."

"Na ukitaka kujua upana wa kavu, unauliza nini?"

"Nauliza jua ni kali namna gani, na mbao itakaa kwenye jua muda gani."

"Sawa. Pesa ya kesho ni mbao mbichi. Kiwango cha riba ni ukali wa jua. Miaka ni muda wa kukaa kwenye jua. Kufanya actualisation ni kuipima kavu leo, bila kungoja ikauke."

Nikaona mbao. "Na mwaka wa pili?" nikauliza.

"Jua la mwaka wa pili linakula kwenye ile iliyobaki. Ndiyo maana tunagawanya, halafu tunagawanya tena." Akaandika zile herufi zake, kila moja akaniambia ni nani: hii jua, hii muda, hii mbao mbichi, hii kavu. Ziliniangalia kama watu ninaowajua.

Mama wa Bukavu aliweka kitambaa magotini. "Papa?"

"Nimeelewa," nikasema, na kabla hajaniomba nikairudilisha yote, toka lori mpaka musitari wa mwisho. Nikaongeza mwaka wa tatu kwa mapenzi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia binti yangu, "Kesho tunasonga."

Siku ya kusoma majina ya sesio ya pili sikubeba kikopo. Nilikiacha juu ya kabati, nikasema moyoni kwamba safari hii nitanunua kingine kama kikihitajika. Tulisimama kwenye uwanja wa iniversite, mimi, muke wangu na mama wa Bukavu, katikati ya jamaa zingine zenye nguo za Jumapili. Jina la binti yangu lilisomwa kwa sauti ya kawaida tu, kama majina mengine, na mimi nikalisikia kama limesomewa kwenye mulima.

Muke wangu alifungua mukoba wake. Kikopo kilikuwa humo. Wanawake hawa.

Binti yangu alikichukua, akakitikisa. Mimi nikasogea ili nimumwagie, maana ni kazi ya baba. Akaniambia, "Inama, papa." Nikainama, nikifikiri anataka kuninong'oneza. Pudre ilishuka kichwani, ikaingia masikioni, ikajaza kola ya koti langu la harusi.

"Huyu pia amesoma," akawaambia watu. Halafu ndiyo akainama yeye, na muke wangu akamumalizia kilichobaki. Mama wa Bukavu alirudi nyuma kidogo, mikono ameificha ndani ya kitenge. "Mimi nilipita zamani," akasema. "Muniache na miwani yangu."

Nilipanda moto, ile pikipiki ya kukodi, bila kujifuta. Tulipita Ndosho yote polepole, nilimuomba dereva asikimbize. Muzee wa viti alikuwa mbele ya mulango wake, akaacha kupiga nyundo.

"Patron, ni wewe umepita?"

"Ni mimi."

"Umepita kwa kitu gani?"

Nikashuka kwenye moto, nikavuta kiti chake kimoja ambacho hakijapigwa rangi. "Kaa, nikufundishe," nikamwambia. "Lakini usiniambie umeelewa kama hujaelewa."