Siku Baba Mkwe Aliponihesabia Ngosi

Mwanangu, kuna siku moja hainitoki kichwani, ingawa ningefurahi initoke. Nilikuwa mkamwana mpya pale Isongole, mwezi wa nne tangu niolewe. Wakati ule wa Ujamaa kila mwenye mikono miwili alikuwa na zamu kwenye shamba la viazi la kijiji, na kupumzika lilikuwa jambo la aibu. Ukionekana umekaa nje jua limeshachomoza, unaitwa kupe. Na hodari wa kuwaita watu kupe alikuwa baba mkwe wangu mwenyewe, balozi wa nyumba kumi.

Mume wangu Ambakisye, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na chuoni alijifunza mambo. Akaniambia kuna watu huenda ziwani na chakula chao, wakakaa tu, wakatazama maji.

"Wanatazama maji ili iweje?" nikamuuliza.

"Ndiyo mapumziko yenyewe."

Nikatamani, sikufichi. Mgongo ulikuwa umechoka kuinama.

Jumamosi ya zamu yetu, Ambakisye akamwambia mama yake kwamba naumwa tumbo, ananipeleka hospitali Tukuyu. Mama mkwe akafurahi kupita kiasi, akadhani ni mimba, akanifungia magimbi ya njiani. Baba mkwe hakuwepo. Alikuwa ameaga alfajiri kwamba anakwenda msibani Kyimo.

Ninyi ziwa Ngosi mnaliona kwenye simu. Sisi tulipanda msitu wa mianzi na migomba pori mpaka ukingoni, kisha tukashuka shimoni liliko ziwa kwa kushika mizizi. Njia ni hiyo moja. Mimi nilishuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, na nilipofika chini nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ya kulima. Nikaanza kuwahurumia hao watu wa mapumziko.

Sijamaliza gimbi la kwanza, nikasikia mtu anashuka huku anaimba wimbo wa kanisani. Ambakisye akakodoa macho.

"Hiyo sauti ya tata," akasema, yaani baba yake.

Mwanangu, ninyi siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana alikuwa hakutani na baba mkwe kabisa. Ukimsikia njiani, unaingia porini. Mke wa shemeji yangu alirudishwa kwao kwa kosa hilohilo, na hakuitwa tena. Nikajitupa kwenye majani marefu kando ya maji, Ambakisye naye akaruka nyuma ya mti.

Mzee akafika, akakaa pale pale njia inapoishia. Akavua viatu, akatia miguu majini, akasema "Aaah!" mpaka ng'ambo ikaitika. Akatoa ndizi za kuchoma, akala moja baada ya nyingine bila haraka yoyote. Eti msiba wa Kyimo!

Mimi huku magoti yamo ndani ya maji baridi, na mgongoni siafu wananipanda. Ukungu ukashuka. Mzee akajilaza chali. Ambakisye alipoona hatuna pa kupita, akajitokeza, akamwamkia kikwetu.

"Mwagonile, tata."

Mzee akaruka wima. "Wewe! Si uko shambani?"

"Na wewe tata, si uko msibani?"

Mzee akaanza kutafuta viatu vyake. Kisha mzee akauliza, "Uko na nani?" Hapo hapo siafu mmoja akaniuma mahali nisipoweza kukutajia, nikapiga yowe.

Mzee akageukia ziwa upesi, akavuta kofia mpaka puani. Akasema kwa sauti kubwa, "Mimi natazama maji. Nitahesabu mpaka mia. Kama kuna mnyama wa msituni anataka kupanda, apande."

Nikajifunika kanga, nikapita nyuma yake, nikaishika mizizi. Akahesabu. Alipofika tisini nilikuwa bado nateleza palepale chini. Nikamsikia anakohoa kidogo, halafu akaanza upya: moja, mbili, tatu. Alihesabu mia ngapi sijui, maana nilipofika ukingoni bado alikuwa anahesabu. Nililia njia nzima, na siafu hawakuhusika. Mtu niliyekuwa namwogopa kuliko chui alikuwa amenihurumia.

Wiki iliyofuata aliwakusanya watu wa nyumba zake kumi. Akasema kila nyumba ijichagulie siku ya kupumzika baada ya zamu, na iseme inakwenda wapi. Watu walishangaa. Ni watatu tu tuliojua sababu.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukichoka, sema umechoka. Ukitaka kwenda ziwani, aga kwamba unaenda ziwani, usiwazulie watu misiba wala maumivu ya tumbo. Mapumziko ya uongo yanachosha kuliko jembe. Na ukimkuta mwenzako naye amejiiba, usimwumbue. Geuza uso, umpe nafasi ya kupita.

Mungu akupe kazi ya kukulisha, na siku ya kunyoosha mgongo bila kumficha mtu. Akujalie wakwe wenye huruma. Na huko Ngosi, akuepushe na siafu.