Teke la Mama

Mwaka jana niliamua kwamba mama yangu ahame Giheke. Nyumba yake iko juu ya mteremko mkali, goti lake la kulia limelika gegedu, na mimi, mtu niliyesoma chuo kikuu, nilikuwa nimekwisha kununua mapazia ya chumba chake kwangu Kamembe. Mama hakuyataka mapazia. Tulibishana mwezi mzima, mwishowe tukapatana: akapimwe nguvu za paja. Kama paja linaweza kulibeba hilo goti, atabaki na migomba yake. Kama haliwezi, atakuja kwangu. Nilikubali haraka, kwa kuwa nilijua nitashinda.

Aliyetupokea hospitalini alikuwa binti mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kine kama tunavyowaita huku mpakani na Bukavu. Alimkalisha Mama ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akambandika juu ya paja vibandiko viwili vyenye waya. Kisha akapiga magoti mbele yake na kuegemeza kipimo, kidude cha ukubwa wa kopo la maziwa, juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Maman, sukuma na mguu, nguvu yote. Mi nitazuia."

Mama akasukuma kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga. Binti akatazama kipimo, akaomba tena. Ikawa vilevile. Nikajitia huzuni usoni. Moyoni nilikuwa natundika mapazia.

"Sasa tutaongeza umeme kidogo," binti akaeleza. "Maman atasukuma, umeme itaamusha musuli. Kama mguu inaruka, ni kusema kuko nguvu yenye hatumii."

Mama akasukuma kwa upole uleule. Umeme ukapita. Mguu ukaruka, kipimo kikamtoka binti mkononi, naye akajikuta amekaa sakafuni.

Mama akajifunika uso kwa kitenge. "Pole, mutoto yangu. Unaona sasa? Njo maana nilikuwa najizuia. Nitapiga je mutoto ya bantu teke, na amenipigia magoti?"

Binti alicheka hadi akashindwa kuinuka. Mimi sikucheka. Kwa miaka hamsini nimemsikia mama huyu akiwaomba radhi hata mbuzi waliomzibia njia, na bado nilikuwa nimeamini kwamba ule ulikuwa udhaifu wa paja.

Binti akakizungushia kipimo mkanda juu ya kifundo cha Mama, akaufunga mkanda kwenye mguu wa kitanda, akasogea kando. "Maman, sasa hakuna muntu. Ni kitanda tu."

Mama akainama kuhakikisha. Kisha akasukuma, na kitanda kikalia. Safari hii umeme ulipopita, mguu haukuongeza kitu. Nguvu yote ilikuwa imekwisha kutoka. Binti akatangaza kwamba paja hilo linauweza mteremko, mradi Mama atembee na fimbo na kunyoosha mguu kila asubuhi akiwa kitini.

"Mupime na huyu," Mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Anachechemea tangu Pasaka. Anasema ni viatu."

Nikapanda kitandani kwa madaha. Nilisukuma hadi masikio yakawaka moto. Umeme ukapita, na mguu wangu ukaruka kama wa mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Papa," binti akasema taratibu, "musuli kuko. Ni weye njo hauiite."

Alasiri tukaupanda mteremko wa Giheke. Mama alitangulia na fimbo yake mpya, mimi nikafuata na mkoba wake. Katikati ya njia nilisimama kutazama mandhari, ambayo ni migomba ileile ninayoiona tangu tuliporudi kutoka Bukavu. Mama naye akasimama kunisubiri. Hakuwa anahema.

"Papa," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "kwangu kuko chumba. Ulete tu yale mapazia."