Maharage Yenye Ladha ya Nyama

Maharage aliyouza jirani yangu yalikuwa na ladha ya nyama, na mwenyewe aliapa kwamba nyama haimo. Ilikuwa Ramadhani, na tulikuwa tumekwisha kuyafuturia wiki nzima.

Nirudi nyuma kidogo. Tulikaa Bellevue, Johannesburg, mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba. Sisi wa Tanga na Dar tulikuwa mbele. Nyuma alikaa mama mmoja Mrundi, Mkristo, aliyepika uani na kuuza kwa sahani. Wateja wake karibu wote walikuwa sisi.

Aliyeanzisha maneno ni mzee wa Tanga, muuza viatu wa Jules Street, ambaye sote tulimwita Ami. Jioni moja alichovya mkate, akatafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Shemeji, humu umetia mfupa wa mnyama gani?"

"Hamna mfupa, mzee. Nyanya, kitunguu na uyoga mkavu."

"Uyoga huo una miguu mingapi?"

Watu walicheka, lakini wawili walisukuma sahani zao. Kesho yake sufuria ilirudi ndani ikiwa na zaidi ya nusu. Neno nguruwe hakuna aliyelitamka. Mama yule alinifuata akasema ikiendelea hivyo hataweza kubaki na chumba.

Wakati huo nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa wa Kijapani. Kulikuwa na supu ya mwani mkavu, isiyo na nyama hata chembe, lakini mdomoni ilikaa kama mchuzi wa mifupa. Mpishi aliniambia ladha ile inaitwa umami, nayo ni ya tano, baada ya utamu wa sukari, chumvi, uchachu na uchungu. Nilidhani ni maneno ya kuuzia supu, nikaenda intaneti kafe kuhakikisha. Nilisoma kwamba karne moja nyuma msomi wa Kijapani alichunguza mwani wa namna hiyo, akapata kinacholeta ladha hiyo. Wataalamu wa nchi nyingine walimtilia shaka miaka mingi, wakisema hicho ni kikolezo tu. Shaka ilipungua hasa ilipogunduliwa, hivi karibuni tu, kwamba ulimi una vipokezi vyake maalumu kwa ladha hiyo. Nyanya mbivu na uyoga mkavu vinayo pia. Lakini nilisoma na hili: ugunduzi wa msomi yule ulifanywa unga wa kuungia, ukauzwa. Mtu mwenye bidhaa ya kuuza mimi humsikiliza kwa sikio moja.

Nilimweleza Ami yote. Akauliza, "Hao Wajapani wanafunga?"

Mama mwenyewe ndiye aliyetoa njia. "Njooni mkae hapa, tangu moto hauna sufuria."

Jumapili tulikaa, mimi na Ami, juu ya ndoo mbili. Nilikagua gunia la uyoga, nikafunua kila mfuniko.

"Umeangalia na chini ya kanga yangu?" mama akauliza.

"Hayo muulize mumeo," alijibu Ami. "Sisi tumefunga."

Tuliona nyanya, kitunguu, uyoga, mafuta na chumvi. Kuonja hatukuweza mpaka magharibi. Adhana ilipolia kwenye simu yake, Ami alikula tende, akachovya mkate, akawatangazia wenzetu: "Safi. Leteni sahani." Sufuria ikaisha. Mama akaketi kwa mara ya kwanza siku ile.

Mimi nilikula polepole. Yalikuwa mazuri, lakini ile ladha ya nyama haikuwemo. Nilimuuliza, akasema tulimsimamia, akaharakisha moto. Inawezekana.

Jumatatu hakuna aliyemsimamia. Gunia lilikuwa lile lile na sufuria ile ile. Nilivikagua asubuhi nikienda kazini. Jioni nyumba nzima ilinunua, Ami sahani mbili. Ladha ya nyama ilikuwa imerudi.