Pedi za Fundi Kicheko

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kicheko, fundi wa suti ambaye mteja alikuja kupunguziwa suruali akaondoka amepunguziwa na mawazo. Lakini baada ya kupasuliwa tezi dume na kutolewa mpira wa mkojo, kicheko kilimkauka. Operesheni ilikwenda salama. Tatizo ni kwamba kila akicheka, akikohoa au akiinuka kwenye cherehani, mkojo ulimponyoka. Akashinda amenuna, mpaka wateja wakadhani amekosana na mkewe.

Kumbe mke naye alikuwa na lake.

"Baba watoto, taulo zangu zinakwenda wapi?"

Fundi akainamisha kichwa, akatoa chini ya meza vitambaa alivyokuwa akijishonea kwa siri, vimepindwa kingo kama kola za shati.

Mkewe akavigeuzageuza. "Mshono mzuri. Lakini hospitali ya umma wanatoa pedi za wanaume bure, na wewe unanimalizia taulo. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa watano."

"Basi waite waje wakufulie."

Asubuhi yake alikuwa kliniki. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, alimuuliza mambo waziwazi kama anayeulizia habari za nyumbani: anabadilisha mara ngapi mchana, na usiku je? Akajaza fomu, akampima kiuno.

"Dada, hiyo futi imevutika," Fundi akasema. "Inaniibia inchi mbili. Ukiandika hivyo nitapewa saizi ya mwanangu."

Akavua yake, ambayo kwa mazoea alikuwa amekuja nayo shingoni. Wakapima upya: thelathini na nane, si thelathini na sita. Muuguzi akaangua kicheko, Fundi naye akacheka, kisha akajikamata ghafla, akabana magoti.

"Cheka tu, mzee wangu," muuguzi akasema, akimfungulia pakiti ya kwanza. "Hizi kazi yake ndiyo hiyo."

Alitoka na mfuko mkubwa kwapani, pamoja na zoezi la kubana misuli ya chini, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Akawa anabana huku akipiga pindo, uso mkavu kama hakimu. Mwezi wa nne tangu aanze zoezi, akarudi kwenye dirisha la dawa kuomba apunguziwe, kutoka pedi nne kwa siku hadi moja.

"Wenzako huja kuomba nyongeza," mtoa dawa akashangaa.

"Mimi zimeanza kunipwaya."

Wiki iliyofuata jirani yake fundi viatu aliingia dukani. Akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya ngozi, akarudi kwenye mvua. Mwishowe akanong'ona kuwa na yeye alipasuliwa, na tangu hapo haendi popote.

Fundi akafunika cherehani, akachukua koti.

"Leo ni siku ya kliniki. Twende, nitakaa na wewe kwenye foleni."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo uani, aliwasikia wakicheka mpaka walipokata kona.