Gitaa Lenye Tumbo la Sufuria

Sokoni walimwita Fundi Vitako, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutia vitako vipya kwenye masufuria yaliyotoboka. Wageni wakilisikia jina hilo waligeuza shingo, naye aliwahi kucheka kabla yao. Jioni, akirudi kwenye vyumba viwili alivyoishi na baba yake, ucheshi huo aliuacha mlangoni. Mzee alikuwa amenyamaza, na nyumba nayo imenyamaza.

Zamani mzee huyo alipiga gitaa kila jioni. Fundi, binti yake, alikuwa mdogo bado, amelazwa nyuma ya pazia, na usingizi ulimchukua siku zote wimbo ukiwa katikati. Mama yake alifariki yeye hajaanza shule, na tangu hapo baba alipiga nyimbo nyingine tu. Sauti ya mama hakuikumbuka hata chembe. Alichobaki nacho ni nusu ya kwanza ya wimbo ule. Aliivuma puani akigonga sufuria, akifika ukingoni anarudi mwanzo. Mtu mzima huyo, mwenye mikono iliyoota sugu, aliitamani nusu ya pili kama mtoto anavyotamani kubebwa.

Masikio ya baba yalipoanza kuziba, alilitundika gitaa ukutani akasema limekufa. Binti hakumbishia. Alimwomba tu ampigie ile nusu ya pili, hata mara moja. Mzee alikataa: asichokisikia hawezi kukipiga, vidole vitapotea njia.

Ndipo fundi redio, jirani yake sokoni, alipomsimulia kuwa yapo magitaa yenye bakuli jembamba tumboni, nyuzi zimekaa juu yake, na sauti hutoka kali bila hata umeme. Ila hayo, alisema, ni ya wenye nazo. Fundi Vitako aliuliza bakuli lenyewe ni la nini. Alipojibiwa ni alumini, alicheka peke yake mpaka mteja akashangaa.

"Nataka kulipasua gitaa, baba," alimwambia akiwa amemwinamia sikioni.

"Pasua. Maiti haisikii maumivu."

Alilishusha, akachora duara kwa sahani, akakata ubao wa mbele kwa msumeno mwembamba. Ndani alizungushia vipande vya mbao ili uso usididimie nyuzi zikikazwa. Kwanza alitia mfuniko wa sufuria, na gitaa likalia kama debe lililopigwa teke. Aliliweka kando akiwa amekata tamaa, akashinda siku kadhaa bila kulitazama.

Kisha akachukua bakuli kuukuu, akalilaza juu ya gogo la mviringo na kuliponda kwa nyundo ya mbao, taratibu, kila alipokosa wateja, mpaka likawa jembamba kiasi kwamba ukilidonoa kwa ukucha linaimba. Alilitumbukiza kwenye lile tundu. Katikati yake alisimamisha kijiti kigumu cha kubebea nyuzi, ncha za nyuzi akazifunga kwenye bawaba ya mlango aliyoipigilia kitakoni mwa gitaa, na juu ya bakuli akafunika chujio la zamani, bakuli lisije likabonyea. Karibu kila kitu kilitoka kwenye rundo la vyuma chini ya meza yake. Nyuzi mpya tu ndizo alizopewa na fundi redio, naye kwa malipo akamzibia birika.

Baba alilipakata bila hamu. Akauegemeza ubavu wa gitaa kidevuni, kama binti alivyomwelekeza ili mtetemo umfike masikioni kupitia mfupa, akagusa uzi mmoja. Akashtuka.

"Nani huyu?" aliuliza. Akaugusa tena. "Si gitaa langu. Huyu ana sauti ya mtu mkali. Lakini namsikia."

Vidole vilianza kutafuta, vikakosea, vikapata. Nusu ya kwanza ilipita nzima. Baada ya hapo gitaa likaanza kwenda chini chini, likizunguka palepale, kama mtu anayemsubiri mwenzake njiani. Hapakuwa na wimbo. Baba alizunguka tena, akamtazama binti mdomoni.

"Mbona huingii?"

"Niingie wapi, baba?" alimwuliza kwa sauti kubwa.

"Hapo ndipo mama yako alipokuwa anaimba."

Alimwinamia sikioni, akauliza maneno ya mama yalikuwaje. Mzee alisema hakuwahi kuyashika, yeye alikuwa na vidole vyake. Isitoshe, mwanamke yule aliyabadilisha kila jioni. "Alikuwa anakuimba wewe. Ulivyoshinda, ulichovunja, ulivyokataa kuoga."

Siku hizi mzee anapiga kila jioni. Jirani hugonga ukuta akiomba utulivu. Huko kugonga mzee hakusikii. Akifika pale, anapunguza mwendo na kusubiri. Jioni nyingine binti hufungua mdomo, akatoa mvumo usio na maneno, akijaribu huku na kule. Baba hawezi kumwambia kama amepatia, kwa kuwa kidevu chake kinasikia gitaa tu.