Vidonge vya Msusi
Msusi alikuwa na miaka thelathini na tisa, kumi na minne ya ndoa, na hajawahi kubeba mimba. Hedhi ilimtoka hata wiki tatu mfululizo, mpaka siku moja akaanguka saluni, mteja wake akiwa amesukwa nusu kichwa. Hospitalini daktari akamwandikia vidonge vya uzazi wa mpango.

"Daktari, mimi natafuta mtoto," akasema.

"Najua, dada. Lakini damu ikiendelea hivi tutakupoteza. Hivi vitaikata damu. Tumia miezi sita kwanza, halafu tutaona."

Nyumbani aliiweka pakiti mbele ya mumewe. Mume akaigeuzageuza mkononi.

"Meza tu, mke wangu," akasema hatimaye. "Mimi nilishakata tamaa zamani. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Msusi alikimeza kidonge cha kwanza palepale, mbele yake. Baada ya wiki mbili damu ilikatika, nguvu zikamrudia, akasimama tena kusuka vichwa vya watoto wa watu. Miezi sita ilipotimia, daktari alimuuliza kama yuko tayari kuacha ili wajaribu kutafuta mtoto. Msusi akaomba aandikiwe pakiti nyingine.